Lebo ya asali niliyoificha

Usaili wangu wa kwanza kwenye wakala wa matangazo ulidumu dakika 20, na swali lililonimaliza lilikuwa la maneno matatu: mteja alikuwa nani?

Ilikuwa 2017, Msasani, Dar es Salaam. Niliondoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, laptop nimeifunga kwa kitenge ndani ya begi, nikapanda daladala mbili na bajaji, nikafika mlinzi bado anafagia. Potifolio yangu ilikuwa na kazi 14. Nembo mpya ya kampuni kubwa ya viatu ya Marekani ambayo haikunituma. Mkahawa ambao haupo. Hoteli ya Zanzibar ambayo haipo. Programu ya simu ya kuagiza chakula ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza. Zote nilizifanya usiku kwa kufuatisha video za YouTube, kwa bando la usiku, na zilikuwa kazi nzuri. Nalisema hilo hadi leo. Herufi nilizichagua kwa makini, rangi zilipatana, hakuna kitu kilichobanana.

Mkurugenzi wa ubunifu alikuwa mama wa makamo. Aliitikia shikamoo yangu, akakaa, akapitisha kurasa taratibu mpaka ile ya hoteli.

"Mteja alikuwa nani?"

Nikasema hakukuwa na mteja, nilibuni mwenyewe.

"Kwa hiyo hakuna aliyeikataa."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anataka kujua nikiambiwa hapana nafanya nini, na katika kurasa zote 14 hakuna palipokuwa na mtu wa kuniambia hapana. Akanishukuru, akanisindikiza mpaka mlangoni. Sikupigiwa simu.

Kinachoniuma nikikumbuka siku ile ni kwamba wakati huo nilikuwa na miaka mitatu katika duka la uchapaji Kariakoo, na wateja walikuwa wanasimama nyuma ya kiti changu kutwa nzima. Sikuleta hata karatasi moja kutoka kule. Niliona aibu. Niliamini kazi za Kariakoo ni kazi za kutafutia nauli, na udizaina wenyewe uko Msasani na Masaki, nyuma ya vioo. Kwenye wasifu wangu niliandika kwamba nilikuwa "nafanya kazi binafsi".

Duka lilikuwa chumba kimoja. Kompyuta mbili zenye CorelDRAW, printa, mashine ya kukatia karatasi, mashine ya mabango ya flexi iliyokuwa ikinuka wino mpaka kwenye nguo, na fundi mtu mzima tuliyemwita Mzee. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, mabango ya saluni, fulana za kampeni, ratiba za mazishi. Msimu wa harusi nilikuwa naweza kutengeneza kadi za michango za familia sita kwa siku moja.

Nataka kukaa kidogo kwenye kadi ya mchango, kwa sababu hakuna darasa la udizaina nililowahi kuliona linaloifundisha, na mimi sijui shule iliyo ngumu kuishinda. Ni karatasi ndogo, mara nyingi A5, milimita 148 kwa 210, au nusu yake. Ndani yake lazima pawepo majina ya wazazi wa pande zote mbili, kwa mpangilio ambao familia imeshaugombania nyumbani. Majina ya maharusi. Tarehe. Siku ya mwisho ya kutoa mchango. Jina la mwenyekiti wa kamati na la mweka hazina, na namba ya simu ya kupokelea pesa. Tarakimu moja ikikosewa kwenye kadi 300, michango ya watu inaingia kwenye simu ya mtu asiyehusika. Bibi arusi anataka maua ya waridi, baba yake anataka jina lake lionekane, na shangazi aliyetumwa kuja kukagua hana miwani. Wote hao unawapa karatasi moja, leo jioni, na wote waondoke wameridhika. Huko kupanga kipi kisomwe kwanza na kipi kifuate ndiyo kazi ambayo wakala wa matangazo wanailipia. Mimi nilikuwa nimeijua bila kujua kwamba ninaijua.

Rangi nazo nilifundishwa na Mzee. Wiki yangu ya pili nilitengeneza kalenda yenye bluu nzito, nzuri ajabu kwenye skrini, ikatoka zambarau. Nikadhani mashine imeharibika. Akaniambia, "Binti, kioo kinang'aa. Karatasi hainang'ai." Skrini inajitolea mwanga wake yenyewe, nyekundu, kijani na bluu, karatasi inangoja mwanga wa dirishani iurudishe kupitia wino wa aina nne: sayani, ile bluu ya samawati, majenta, ile nyekundu ya waridi, njano na nyeusi. Bluu nyingi za skrini haziwezi kupatikana kwa wino huo, na majenta ikikaribia kiasi cha sayani, bluu inageuka zambarau. "Punguza majenta," akasema, akaendelea kula mihogo yake. Maneno hayo mawili nimewahi kuyasikia yakielezwa kwa saa nzima na slaidi 40.

Usaili wa pili nauandika nikiwa bado na kinyongo, miaka mingi baadaye. Wakala mwingine, simtaji. Walinipa kazi ya majaribio: kinywaji kipya cha matunda, saa 72, nembo, mabango matatu ya barabarani, machapisho sita ya Instagram, na maelezo ya wazo zima. Bila malipo. Wakasema wanataka kuona "namna ninavyofikiri". Mzee alinipa ruhusa ya siku mbili bila kuniuliza, nami sikulala. Wazo langu lilikuwa limau lililokatwa katikati likichomoza juu ya maji kama jua la asubuhi pale Kigamboni. Wakaniomba niwatumie faili za wazi, zile zenye leya zote ambazo mtu anaweza kuzifungua na kuzibadilisha. Nikazituma. Wakajibu kwa neno moja, "Tumepokea," na baada ya hapo kimya.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye daladala Barabara ya Sam Nujoma nikaona bango. Limau limekatwa, linachomoza kwenye maji. Halikuwa langu, limau lilichorwa upya, maji yalikuwa picha ya kupigwa, herufi nyingine. Nilishuka kituo kisicho changu nikasimama chini yake muda mrefu.

Nilikwenda kuuliza, na jibu nililopata ni lile ambalo kila dizaina kijana analihitaji mapema kuliko mimi. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mchoro wako unalindwa tangu ulipouchora, hata kama hujausajili popote. Lakini hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotekelezwa. Wazo lenyewe halilindwi. Limau nililolichora mimi lilikuwa langu. Limau kuwa jua halikuwa la mtu. Sikuwa na kesi, na huenda kweli mtu mwingine aliliwaza mwenyewe, mawazo hugongana. Sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba niliwapa siku tatu za maisha yangu na faili zangu zote wazi, na hawakuona haja ya kuniambia hata kwamba sikufaulu.

Kuanzia hapo nilikuwa na masharti. Kazi ya majaribio naituma kwa PDF ya ubora mdogo, inatosha kuonekana kwenye skrini lakini haifai kuchapwa. Faili la wazi halitoki. Kwenye kila ukurasa kuna mstari unaosema kazi hii ni ya usaili tu. Na kabla sijaanza nauliza mambo mawili: mteja huyu yupo kweli, na mnategemea nitumie saa ngapi? Mwajiri mwenye nia njema hulijibu hilo kwa sentensi moja. Wapo walioudhika nilipouliza, na kuudhika kwao kuliniokolea muda. Wala mambo haya si ya kwetu peke yetu: chama cha wadizaina cha Marekani, AIGA, kilichoanzishwa 1914, kimewaonya watu wa kazi hii kwa miaka mingi juu ya kufanya kazi za bure kwa matumaini ya kuajiriwa. Kama kule wanahitaji kuonywa, dada yangu wa Mbagala ambaye kodi ya chumba inamngoja tarehe mosi anahitaji zaidi.

Usaili wa tatu ulikuwa wa Nairobi, kwa video, na niliukosa kwa sababu walimhitaji mtu anayeishi kule. Lakini ulinifundisha kitu kuhusu lugha yangu mwenyewe. Walinipa tangazo la sabuni lililokwisha pangwa kwa Kiingereza, wakataka nilifanye la Kiswahili papo hapo, wao wakitazama skrini yangu. Kiingereza kilikuwa maneno matatu mafupi kwenye kisanduku chembamba. Sisi kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo neno moja linaweza kujaza mstari mzima na likabaki kuwa neno moja. Programu yangu ilikuwa imewekwa Kiingereza, ikakata "kung'aa" baada ya king'ong'o, "kung'" juu na "aa" chini. Nikaisimamisha, nikawaeleza kwamba silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu, kwamba ng' haitenganishwi na irabu yake, na kwamba kwa neno hili ni afadhali kukikuza kisanduku kuliko kulikata neno. Mkenya mmoja akacheka kwa furaha, akasema wamekuwa wakichapa hivyo miaka yote. Halafu wakanisahihisha nami: nilikuwa nimeandika "vocha" kwenye kile kipande cha zawadi, na Nairobi mtu ananunua kredo. Tuliagana vizuri.

Sasa lebo.

Mwaka 2016 alikuja dukani mama mmoja anayeuza asali ya Tabora. Alikuwa amepata nafasi kwenye supamaketi kwa mara ya kwanza, na alitaka lebo 600 zenye msimbo wa mistari, ule wa tarakimu 13; za Tanzania huanza na 620. Nilijitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi. Nyuma niliweka rangi ya maziwa, nikachora sega la nyuki kwa mkono, na kwa kuwa mistari myeusi ya msimbo ilionekana kunichafulia kazi, nikaipaka rangi nyekundu ya kutu ipatane na asali. Pia niliipunguza, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Ilipendeza mno. Mama akalipa, akabandika chupa zote kwa mkono, yeye na wanawe.

Siku ya tatu akarudi na katoni. Mashine ya kaunta haisomi. Wamemrudishia mzigo wote.

Mzee hakunigombeza. Alichukua karatasi ya nailoni nyekundu, ile inayofungiwa biskuti, akaitandaza juu ya lebo yangu, akaniambia nitazame. Mistari ilikuwa imetoweka. Pale pote palikuwa pekundu, kama hapakuandikwa kitu. Taa za mashine nyingi za kaunta ni nyekundu. Zikipiga mstari mwekundu, mstari unaurudisha mwanga sawasawa na karatasi nyeupe inavyourudisha, na mashine inaona ukuta mtupu. Ndiyo maana msimbo hupakwa nyeusi juu ya nyeupe. Nilijifunza vilevile kwamba upana wake wa kawaida ni milimita 37.29 pamoja na nafasi tupu za pembeni, kwamba hauruhusiwi kupunguzwa chini ya asilimia 80, na kwamba zile nafasi tupu ni sehemu ya msimbo, hazigusiki. Tukachapa 600 upya. Nusu ya gharama ilikatwa kwenye mshahara wangu. Mama yule alikaa kwenye benchi la duka siku nzima akibandua lebo za kwanza kwa maji ya moto na kisu, chupa kwa chupa, na kila nilipoinua kichwa nilimwona.

Nilitunza lebo moja na kile kipande cha nailoni, nikavitia kwenye mfuko wa ndani wa begi la laptop. Sikumwonyesha mtu.

Usaili wa nne, 2019, Mikocheni. Walikuwa watatu mezani: mkurugenzi wa ubunifu, kaka anayeshughulika na wateja, na mwandishi wa matangazo, kijana mpole aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Potifolio yangu nilikuwa nimeipunguza hadi kazi sita, tatu zikiwa za wateja wa kweli, ila nilizichagua zile safi. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida. Ndipo yule kijana akauliza, "Dada, kazi gani imewahi kukugharimu?"

Nilikuwa na jibu la kutengeneza, kila mtu analo. Sijui kwa nini sikulitoa. Nilifungua begi nikatoa lebo na nailoni, nikaviweka mezani, nikawaambia watandaze wenyewe. Kaka wa wateja akatandaza. Akatoa. Akatandaza tena. Nikawasimulia yote, na yule mama kwenye benchi nikamsimulia pia. Kisha mkurugenzi akaniuliza maswali kwa karibu nusu saa, na hakuna hata moja lililohusu uzuri. Nilimwambiaje mteja? Nani alitakiwa kukagua kabla ya kuchapa? Siku hizi nakagua vipi? Nikawaonyesha kwenye simu orodha yangu ya kabla ya mashine: milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe, picha zenye nukta 300 kwa inchi, maandishi madogo kwa nyeusi pekee, namba za simu zisomwe kwa sauti na mtu wa pili. Hiyo ya namba ilitoka kwenye kadi za michango. Nikajikuta natoa Kariakoo yote, kipande kwa kipande, kwa watu waliokuwa wakiandika ninachosema.

Waliuliza nategemea mshahara gani. Nikasema laki tisa, nikauliza ni kabla au baada ya makato. Swali hilo wengi hawaliulizi, halafu mwezi wa kwanza wanakuta NSSF asilimia 10 na kodi ya mapato vimeshapita, wanadhani wamedhulumiwa. Tulikubaliana laki nane kabla ya makato. Nipo hapo mpaka leo, na sasa naketi upande wa pili wa meza.

Upande huu nimeona mengi yaliyobadilika. Siku hizi wanakuja na picha zilizotengenezwa na kompyuta kwa kuandikiwa maneno, na sina ugomvi na chombo. Hata sisi tunakitumia kutafutia mwelekeo. Ugomvi wangu ni na jicho linalopitisha chochote. Mwaka jana kijana alituletea kampeni nzima ya mafuta ya kupikia, mama jikoni amejifunga kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno ya chini ambayo ndiyo mara nyingi huamua iende kwa nani. Kanga ya kwenye picha ile ilikuwa na pindo, ilikuwa na mji, na mahali pa jina palikuwa na alama zinazofanana na herufi lakini zisizosomeka katika lugha yoyote. Nilimwomba anisomee. Akainama kwenye skrini, akanyamaza. Mteja wa mafuta ya kupikia ni mama ambaye angelisoma jina hilo kabla hajaiona chupa.

Mezani nimejifunza kuomba rasimu zilizokataliwa. Naomba ile ya tatu, ile mteja aliyosema "hii siitaki". Anayezitoa anakaa sawa kwenye kiti, sauti inabadilika, anaanza kueleza kazi. Na anayetoka kwenye duka la uchapaji namwona kabla hajasema: anaigusa karatasi kwa kidole gumba na cha shahada kupima uzito wake. Wengi wao wameificha sehemu hiyo kwenye wasifu, kama nilivyoificha mimi.

Kuhusu kazi za majaribio, nilimwandikia mkurugenzi mara tatu kuomba tuzilipie na tuzifanye ofisini, kwa muda maalumu. Mara mbili nilijibiwa kwamba bajeti hairuhusu. Mara ya tatu niliambatanisha picha ya bango la limau, na maelezo.

Mwezi uliopita alikuja binti wa miaka 22 kutoka Temeke. Hana laptop. Kazi zake zote amezifanya kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa programu ya PixelLab: matangazo ya kwaya, duka la dawa, timu ya mpira ya mtaa, na kadi za michango 11. Nilizikuza moja baada ya nyingine nikitafuta kosa. Kwenye ya tisa nikakuta jina la baba wa bwana harusi limesogezwa chini kidogo, nikamuuliza kwa nini. Akasema baba ni marehemu, familia iliomba jina liwepo ila lisipangwe na wanaoalika, kwa hiyo aliliwekea mstari wake peke yake.

Nikaeleza hatua inayofuata: kesho saa tatu asubuhi, hapa ofisini, saa tatu za kazi, laptop tutampa. Akatikisa kichwa kukubali. Akafunga begi, akasimama, akakaa tena.

"Samahani, dada. Hilo jaribio linalipwa?"

Kaka wa wateja akanitazama. Mkurugenzi pia akanitazama.

"Elfu hamsini," nikamwambia. "Unapewa kesho kabla hujatoka. Na faili unaondoka nalo."